Nyumba Isiyoingiwa

12 Aprili

"Upweke wa wazee ni ugonjwa wa Ulaya. Sisi hapa mlimani hatuna mzee mpweke. Kila mzee ana watoto, ana majirani, ana Kanisa."

Hayo ni maneno ya katekista wetu, Onesphory, aliyoyasema leo baada ya ibada akiwa amesimama mbele ya altare, mikono nyuma kama mkaguzi wa shule. Padre alikuwa ametuma ujumbe kutoka parokiani kwamba kila kigango kitafute watu wa kujitolea kuwatembelea wazee wanaoishi peke yao. Uende mara moja kwa wiki, ukae, uzungumze, basi. Onesphory aliusoma, akaukunja, akatuambia hautuhusu.

Nayanukuu neno kwa neno kwa sababu nataka kuyavunja moja moja. Ana watoto: watoto wa mlima huu wako Babati, Arusha na Dodoma, na simu haikusaidii kubeba ndoo. Ana majirani: hilo linathibitisha tu kwamba kuna nyumba karibu na nyumba yake, halithibitishi kwamba kuna mtu anayetoka katika moja kwenda nyingine. Ana Kanisa: letu lina kufuli kuanzia Jumapili mchana hadi Jumapili asubuhi, na ufunguo anao Onesphory.

Nilinyoosha mkono. Si kwa huruma, kwa hasira.

"Mwalimu Fausta," akasema, "utaenda kuzungumza na wazee au kubishana nao?"

Watu walicheka sana. Niliacha kufundisha zamani, lakini jina la ualimu halijaniacha, wala sifa ya ulimi.

Nimepewa mama mmoja, Genoveva, anayekaa mwisho wa mgongo wa mlima, nyumba ya mwisho kabla ya msitu. Onesphory alipolitaja jina hilo alitazama sakafu. Nimeliona hilo na nimeliandika.

15 Aprili

Mvua tangu alfajiri. Njia ya mgongoni ni utelezi mtupu. Nimeanguka mbele ya ng'ombe wa jirani mmoja, Akonaay, ambao angalau hawakucheka.

Genoveva ni mrefu, mwembamba, mgongo wake umenyooka kuliko wangu. Nilipobisha hodi kwenye uzio wa minyaa alitoka haraka na kigoda mkononi, akaniwekea nje, chini ya ukingo wa bati, mahali ambapo matone yanarukia sketi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Kaa. Umetumwa na nani?"

"Na Kanisa."

Akaangalia nyuma yangu, kama anayetafuta wengine. "Peke yako?"

"Peke yangu."

"Basi limepungua."

Nilikaa nje, yeye akakaa ndani ya kizingiti. Alizungumza bila kupumzika mpaka mguu wangu ukafa ganzi: mbegu za maharage, ng'ombe aliyekufa zamani, redio. "Yule mtangazaji wa asubuhi anauliza, mmeamkaje huko mliko? Namwambia nimeamka salama. Hanisikii, lakini anauliza kila siku. Ana malezi mazuri."

Hakunikaribisha ndani. Hakunipa hata maji. Sisi Wairaqw hatumwachi mgeni mvuani, hata mgeni tusiyempenda. Nikahitimisha kwamba uzee umekula adabu zake. Mumewe alikufa miaka mitatu iliyopita, na kijana wao wa mwisho, Alfredi, akafuata kwa ajali ya pikipiki kabla masika hayo hayajaisha. Aliyebaki ni Gerald, fundi magari Dodoma. Mtoto wa mjini amemtupa mama yake. Hadithi yote ndiyo hiyo.

16 Aprili

Nimeanza makala ya gazeti: "Watoto Wanaopiga Simu Badala ya Kuja." Kali. Nzuri.

22 Aprili

Mvua. Kigoda, ukingo wa bati, matone. Leo nimekwenda na mwavuli. "Mwalimu amekuja na nyumba yake," akasema.

Nje ya uzio, juu ya kisiki, kulikuwa na chupa ya maziwa iliyozibwa kwa gunzi. Niliuliza ni ya nani. Akasema ni yake, Paskalina humwekea. Paskalina ni mke wa Akonaay, jirani wa chini.

"Kwa nini asiingie nayo?"

"Ana kazi nyingi."

Nikasema huo si ujirani, huko ni kulisha paka. Akarudi kwenye maharage.

29 Aprili

Makala imekufa. Gerald alipiga simu nikiwa pale, na mama husikiliza kwa spika kwa sababu ya masikio. Anapiga kila jioni.

"Mama, chumba kipo, kitanda kipo. Nije lini?"

"Tuvune kwanza."

"Ulisema hivyo mwaka jana."

"Na mwaka jana tulivuna."

"Mama. Unakaa mwezi mzima hujaona uso wa mtu."

"Leo nina Mwalimu hapa. Ana mwavuli."

Alipokata simu aliniambia hataki Dodoma. Kule atakuwa mgeni nyumbani kwa mkwewe mpaka afe. Hapa ana makaburi mawili na shamba, na anakijua kila kijiwe cha njia. Lakini mwaka mwingine kama mitatu iliyopita, hapana, huo hauwezi. "Tukishavuna nitaamua," akasema. "Wakija, nabaki. Wasipokuja, nakwenda na Gerald."

"Wakija akina nani?"

"Mahindi mwaka huu yatakuwa mazuri," akasema.

6 Mei

Leo mvua ya mawe. Nilikuwa kwenye kigoda changu ilipoanza, upepo ukaupindua mwavuli, mawe yakanipiga kichwani. Nikaruka kizingiti.

Alipiga kelele kama nimekanyaga mtoto.

"Umeingia! Mwalimu, umeingia!"

Alinisukuma kifuani kwa mikono miwili, halafu akakaa sakafuni, akafunika uso kwa kanga. Mimi nilisimama pale natiririka maji. Mahali pa kwanza macho yalipokwenda ni kwenye viti. Viti vinne vya mbao, kila kimoja na kitambaa cheupe cha kufuma mgongoni. Vitambaa vilikuwa vimefuliwa na kupigwa pasi. Nilikigusa kimoja, kilikuwa kikavu na kigumu, hakuna mgongo uliowahi kukilainisha. Mezani palikuwa na vikombe vinne kwenye trei, vimefunikwa kwa kitambaa kingine. Ilikuwa nyumba inayongoja wageni wafike saa hiyo.

"Una watoto wadogo?" aliuliza kutoka ndani ya kanga.

"Wangu ni watu wazima. Wako mbali."

"Kuna mwenye mimba nyumbani?"

"Hakuna mtu nyumbani, mama."

"Ng'ombe?"

"Nina vitabu na kuku."

Akashusha pumzi, akafunua uso. "Kuku sijui," akasema.

Kisha akanieleza. Yuko metimani. Neno hilo nimelijua tangu utotoni, nikalihesabu kuwa la bibi zetu na likafa nao. Kifo kikiipiga nyumba vibaya, wenye nyumba hukaa kando. Hakuna anayeingia kwao, hawashiriki kikombe wala moto, wajawazito na watoto huwapita mbali, ili kifo kisimfuate mgeni hadi kwake. Lakini jambo hilo lilikuwa na mwisho. Wazee walipanga siku, pombe ya mtama ikapikwa, majirani wakaingia, wakakaa, wakanywa kutoka mkononi mwa mfiwa. Kesho yake anakwenda kuchota maji na wenzake.

"Na wewe hukufunguliwa?"

"Anifungue nani? Wote tumebatizwa. Tuliambiwa mambo ya wazee yaachwe. Basi wazee wakaogopa kupanga siku. Majirani wakangoja siku. Na mimi nikangoja. Tunangoja mpaka leo."

Nusu ya kufunga tumebaki nayo. Nusu ya kufungua tumeitupa kwa jina la Yesu.

"Kwa hiyo wewe ndiye unayewazuia?"

"Nawalinda, Mwalimu. Na wao hawajanitupa, usiseme hivyo. Wananiheshimu."

Nimesoma vitabu vingi juu ya ukatili, na katika vyote kuna mkatili. Nilimtafuta kwenye chumba kile, sikumwona.

Mawe yalipokoma aliniambia nikae kwenye kiti. "Ukishaingia umeingia. Uniambie kama kinayumba." Nikakaa. Nikamwambia hakiyumbi. Akafunua trei, akamimina chai, akanipa kikombe kwa mikono yote miwili, akanitazama mdomoni mpaka nilipomeza.

7 Mei

Nimekwenda kwa Onesphory. Alikuwa nje anachonga mpini wa jembe. Nilimwamkia kwanza, maana amenizidi umri, hata kama nilikuwa nimekuja kumrarua.

"Shikamoo katekista."

"Marahaba Mwalimu. Leo umeleta nini?"

Nilimwambia nataka jumuiya ya Jumamosi isaliwe kwa Genoveva. Jumuiya yetu husali nyumba kwa nyumba, wiki hii kwako, wiki ijayo kwa mwenzako. Kwa Genoveva haijafika tangu misiba ile.

"Njia ya kule ni mbaya."

"Njia hiyohiyo inafika kwa Akonaay, na mwezi wa tatu tulisali kwake."

Akaweka kisu chini.

"Yuko metimani," nikasema. "Mfungueni."

"Mkristo hana metimani."

"Vizuri. Basi twende Jumamosi."

"Watu wanaogopa."

"Wanaogopa kitu ambacho hakipo?"

"Ndiyo, ndivyo watu walivyo."

"Basi waondolee hofu. Wewe ndiye kiongozi wao. Ingia wa kwanza, kaa, kunywa, sema imekwisha."

"Nikisema imekwisha, nimekiri ilikuwepo. Nimewafundisha watoto wa mlima huu katekisimu maisha yangu yote, Mwalimu. Nikafungue metimani kwa pombe, halafu Jumapili nishike Injili kwa mkono huohuo?"

Tulizunguka hapo mpaka mkewe akaja kutazama. Kanisa halifungui kitu ambacho halikitambui. Majirani hawaingii katika kitu kisichofunguliwa. Katikati ya hoja hizo mbili, zote nadhifu, kuna mama anapiga pasi vitambaa vya viti.

Nilimwambia ni mwoga. Akasema, "Na wewe ni mwepesi." Nilirudi nyumbani natembea haraka, nimefurahi. Nilikuwa sijapata ugomvi wa maana tangu mwaka jana.

8 Mei

Nimeandika kwenye kundi la WhatsApp la kigango. Nimetaja majina. "Akonaay na Paskalina wanamlisha mama wa watu nje ya uzio kama paka, kisha wanakwenda kupokea komunyo." Wote wamesoma. Hakuna aliyejibu. Ni ukimya wa walioshindwa.

9 Mei

Bado hakuna aliyejibu.

13 Mei

Kisiki kilikuwa kitupu.

Nilimkuta Genoveva amekaa kizingitini, hakuinuka. Kigoda hakukileta.

"Mwalimu, ulisema nini huko chini?"

"Nilikutetea, mama."

"Kwa nani?"

Nikamweleza. Alisikiliza hadi mwisho, hata niliporudia lile la paka. Halafu akaniambia jambo ambalo sikuwa nalijua. Kila asubuhi Paskalina akishaweka chupa alikuwa anakohoa. Genoveva anakohoa kutoka ndani. Paskalina anauliza kwa sauti, umelala? Genoveva anajibu, nimelala, na wewe? Na mimi. Haya. Basi anashuka. Kwa miaka yote mitatu hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yake ya uso kwa uso, ingawa uso hauonekani kwa sababu ya minyaa.

"Sasa asubuhi nakohoa peke yangu," akasema.

14 Mei

Nilimkuta Paskalina anachambua maharage, mkwewe Eva amelala kwenye mkeka kivulini. Hakunipa kiti.

"Umekuja kuona paka tunaowafuga?"

"Nimekuja kuongea, mama Patriki."

"Ongea. Akonaay alinisomea mara mbili. Mara ya kwanza nilidhani hajui kusoma."

Nilimwambia maziwa yarudi. Akaendelea kutupa mawe madogo kutoka kwenye maharage, moja moja, mbali kuliko ilivyohitajika.

"Yule mama alinizalisha Patriki jikoni mwangu, hapo ulipoegemea. Tumechota maji pamoja tangu nilipoolewa. Unafikiri mguu wangu hautaki kuingia kwake?" Akashusha sauti, akaelekeza kidevu kwa Eva. "Ana mimba. Mbili zimeharibika. Nikiingia kule, na hii nayo ikaharibika, utaandika nini kwenye kundi?"

Nilikuwa na majibu. Nikamweleza kuhusu damu, vipimo, na kwa nini mimba huharibika.

"Hayo yote nayaamini. Anakwenda kliniki Haydom, hajakosa hata mara moja. Lakini wewe apa. Hapa mbele yake. Apa kwamba haitaharibika."

Sikuapa.

"Unaona?" akasema. "Mimi naogopa na maziwa naweka. Wewe huogopi. Kabla ya Aprili ulikuwa wapi? Unakaa mlima huuhuu."

Nimefuta maneno yangu kwenye kundi. Nimeandika mengine, ya kuomba radhi, mafupi. Nilimtumia ujumbe Akonaay pia. Amejibu: "Sawa Mwalimu." Lakini Paskalina aliniambia nilipokuwa naondoka kwamba hasira yake itaisha kesho, kilichobaki ni aibu. Atakohoaje sasa, na mlima mzima unajua anakohoa kwa nani?

20 Mei

Kisiki kitupu. Nilipofika uzioni nilikohoa mimi. "Hicho siyo chenyewe," alisema kutoka ndani. Lakini alicheka.

27 Mei

Mvua zimekatika. Kisiki kitupu.

30 Mei

Leo sauti yangu ya kwanza ilitoka jioni, na niliitoa kwa kuku. Nilijaribu kukumbuka ni nani aliyeingia nyumbani kwangu mara ya mwisho. Mume wangu alipohamia Arusha nilikuwa bado sijamaliza kumjibu. Baada yake alikuja mtu wa kufunga umeme.

3 Juni

Nimempeleka Genoveva hospitali ya Haydom, kwa ajili ya macho. Tulipanda basi la asubuhi, wagonjwa wamejaa hadi mlangoni, na nilijuta kabla hatujafika.

Kwenye benchi la kungojea alikaa kati ya mama wa Kibarbaig aliyetoka tambarare za Hanang na binti wa Singida mwenye kichanga. Sikumtambua. Aliongea na wote wawili kwa pamoja. Alicheka akapiga paja. Mama wa Kibarbaig alikuwa na chupa ya chai na kikombe kimoja. Kikazunguka, Genoveva akanywa katikati yao, akapangusa ukingo kwa kidole, akapokeza. Nilikuwa nimeshika gazeti. Sikusoma mstari.

Kisha yule binti akasimama. "Bibi, nishikie mtoto, naitwa ndani."

Genoveva alirudisha mikono nyuma. Akanitazama. Binti hakungoja, alimwekea mtoto mapajani akaenda. Genoveva alikaa bila kutikisika, kama mtu aliyebebeshwa ndoo iliyojaa mpaka juu. Mtoto alipiga miayo, akalala. Akamshika vizuri. Akaanza kumwimbia kwa Kiiraqw, taratibu, mpaka mama yake alipotoka.

Kwenye basi la kurudi alisema, "Yule mtoto alikuwa mzito."

Baadaye sana: "Kule sikuwa na kitu. Ilinitoka nilipopanda gari?"

"Haikuwepo, mama."

"Ilikuwepo, Mwalimu. Iko pale uzioni. Inaningoja nishuke."

Tuliposhuka niliiona. Mgongo wake ulibadilika. Watoto wawili walikuwa wanakuja na kuni, naye akatoka njiani, akasimama majanini mpaka walipopita.

10 Juni

Ukungu. Sikuona kisiki mpaka nilipokigusa.

18 Juni

Ukungu. Maharage yamepigwa. Gerald amenipigia simu mimi, akauliza kama kuna dalili yoyote. Niliuliza dalili gani. "Mtu yeyote kuingia," akasema. Nikasema hakuna.

1 Julai

Nilipanda mapema ili nimsaidie kuvuna. Nilipokaribia nilisikia mahindi yanavunjwa ndani ya ukungu, mikono mingi. Walikuwa jumuiya nzima. Akonaay, Paskalina, wake kwa waume, na Onesphory mwenyewe, shati limelowa, anavunja mistari miwili kwa mpigo. Walikuwa wameanza kabla ya mwanga. Shamba si nyumba. Shambani wanaweza kuja.

Niliingia mstari wa Onesphory. Hatukubishana. Mahindi ni mazuri kweli.

Walipomaliza walipanga magunia kando ya uzio, kwa nje, wakafunga midomo vizuri. Genoveva alikuwa amesimama ndani ya uzio tangu mwanzo. Aliwaita kwa majina.

"Asante Akonaay!"

"Haya mama!"

"Paskalina, asante!"

Paskalina alijibu akiwa ameinamia gunia.

"Katekista, umezeeka, unavunja polepole!"

"Ni ukungu, mama, sioni!" Wakacheka wote, pande zote mbili za minyaa.

"Karibuni chai!" akasema Genoveva. "Nimeshachemsha."

Mtu mmoja, sikumwona ni nani, akasema, "Tutakuja, mama."

Wakashuka. Mimi niliingia, nikanywa chai ya watu wote kadiri nilivyoweza. Sufuria ilibaki imejaa. Akachukua simu, akampigia Gerald. "Njoo," akasema.

8 Julai

Ameloweka mtama.

"Wazee hawakupanga siku," alisema, "nimepanga mwenyewe. Jumamosi ya tarehe kumi na nane. Gerald anakuja siku hiyo na gari. Wakiingia wakanywa, atarudi na gari tupu."

"Inaruhusiwa mtu aliye metimani kujifungua mwenyewe?"

"Hairuhusiwi. Lakini mtama umeshalowa."

Amenituma nyumba kwa nyumba. Nimekwenda bila hoja hata moja mfukoni. Nilisema tu: Mama Genoveva anawaalika Jumamosi, ingieni, mnywe, abaki. Hakuna aliyekataa. Akonaay alisema watakuja. Paskalina alinipa kiti. Eva yuko mwezi wa sita sasa, anatembea ameshika kiuno.

Onesphory aliuliza, "Ni pombe ya nini?"

"Ya kunywa, katekista."

Karibu acheke. "Tutaona," akasema.

15 Julai

Pombe inachemka vizuri, imejaa chungu kikubwa. Amevifua vitambaa tena.

18 Julai

Walikuja. Nataka hilo liandikwe kwanza. Walikuja wote, wamevaa nguo za Jumapili, na zawadi mikononi: mayai, sukari, kanga mpya. Gerald alikuwa amefika saa nne, akasimamisha gari njiani, hakuzima injini mpaka mama yake alipomwambia azime.

Genoveva alisimama mlangoni na kibuyu cha kunywea kilichojaa. Milango ilikuwa wazi. Mimi nilikuwa ndani nimekaa, ili waone kwamba mtu anaweza kukaa.

Walifika kwenye uzio, wakasimama.

"Karibuni," akasema Genoveva.

"Asante mama," wakajibu.

Akonaay alimtazama Onesphory. Onesphory aliwatazama wazee. Wazee waliitazama ardhi. Nilikuwa nimejiapiza kutosema neno, nikavunja kiapo. Nikatoka. "Katekista, hatua moja." Akaweka mguu kwenye mwanya wa uzio. Naapa aliuweka. Kisha akageuka, akawaambia watu tusali kwanza, akaanza Baba Yetu akiwa palepale. Walisali kwa sauti nzuri. Baba Yetu ikaisha, akaanza Salamu Maria. Ikaisha. Akaanza nyingine. Nikaelewa kwamba angesali mpaka Jumatatu.

Paskalina alikuwa analia. Alipiga hatua, kweli, akavuka mstari wa minyaa kwa mguu mmoja, na nyuma yake Eva akamfuata kama mkwe anavyomfuata mama mkwe, mkono kwenye tumbo.

Genoveva aliliona tumbo.

"Paskalina, rudi," akasema. "Rudi naye. Basi. Imetosha, wanangu. Mmekuja, nimewaona."

Paskalina akarudi.

Akaingia ndani, akaweka kibuyu juu ya chungu, akachukua mfuko wake ambao ulikuwa umeshafungwa. Alinipa ufunguo. Alipita katikati yao, nao wakafungua njia pana, wakainamisha vichwa kwa heshima. Zawadi zikawekwa kwenye gari na Gerald. Kila mmoja alipunga mkono mpaka vumbi lilipotua, kisha wakashuka, na mimi nikabaki uani kwake.

Kabla hajapanda gari nilimuuliza kama angerudi. Alisema, "Wakiingia wenyewe, bila mimi kuwaogopesha mlangoni, wanipigie. Gerald anaijua njia."

Kwa hiyo kesho, ibada ikiisha, kabla watu hawajatoka, nitasimama na kuyasoma haya yanayofuata. Nayaandika hapa kwanza nisije nikayapamba.

Onesphory, Akonaay, Paskalina, na ninyi wote wa jumuiya yetu. Sitawaita wakatili. Mwezi wa tano niliandika kana kwamba ndivyo mlivyo, na nilikosea: mmevuna shamba la mtu gizani bila kuombwa. Sitabishana na katekista kama metimani ipo au haipo. Eva abaki nyumbani, na atakayemnyooshea kidole atakutana na mimi. Sisi wengine hatuna mimba.

Pombe ya Mama Genoveva imejaa chungu, na itaharibika Jumatatu. Ufunguo huu hapa. Onesphory, unatangulia wewe, bila maombi ya mlangoni, utasali ukishakaa. Akonaay, wewe wa pili. Kila mtu anywe. Kisha mtampigia simu mkiwa mle ndani, mmoja mmoja, kila mtu kwa sauti yake mwenyewe, na mtamwambia mko wapi.